Pini Iliyobaki Mfukoni

Jumatatu, 16 Juni

Upepo tangu asubuhi. Vumbi la Kizota limeingia mpaka kwenye chai. Breki za bajaji moja, klachi ya pikapu ya mkaa, halafu Kanta, lori dogo la Mzee Ndahani.

Anabeba mahindi kutoka vijiji vya ndani kuyaleta soko la Kibaigwa. Usukani unamvuta kushoto, anasema, anapigana nao njia nzima. Nimeinua na jeki, nikatikisa gurudumu. Kifundo cha tairodi kimekwisha. Hicho ndicho kinachoushika usukani na gurudumu pamoja. Kikichomoka, unazungusha usukani na gurudumu linakwenda linakotaka lenyewe.

Nimefunga kipya. Rehema amerekodi. Rehema ni mama ntilie wetu hapa gereji, mkono wake hautetemeki, na tangu Pasaka ndiye mpiga picha wangu. Maharage yakiungua potelea mbali, simu haiachi. Leo kanirudisha mara mbili: mara bega limeziba, mara jua limekaa vibaya. Nimecheka, nikarudia.

Mzee hakufurahia. Kakubali mikono yangu ionekane, si sura yake, si namba za gari. Sawa. Ndiyo sheria yangu kwa wateja wote.

Mkewe alikaa juu kwenye gari muda wote. Wanatembea pamoja siku zote hao, mzee anaendesha, mama anapatana bei na wakulima. Wakati wa kuondoka kanipa kifuko cha mlenda mkavu. Eti nimekonda. Mimi! Nimecheka mpaka nikakaa chini.

Jumanne, 17 Juni

Video imerushwa saa nne. Rehema kaziunga klipu vizuri. Watu wamelishika lile neno langu la mwisho: "Bila pini hakuna safari."

Pini ni kijichuma kidogo tu, kinapita kwenye tundu la nati, unakikunja miguu, basi nati haifunguki hata njia iwe mawe matupu. Mafundi wengi wanaipuuza. Wanarudishia ya zamani au wanapitisha waya wowote waliouokota. Mimi ya zamani natupa. Pini ikishakunjwa mara moja, kazi yake imekwisha.

Niseme ukweli, hawa mafundi wa mtandaoni wengi siwapendi. Mmoja anapaka oili chafu kwenye kifaa kizima ili kionekane kibovu. Mwingine anamrekodi mteja bila kumwambia, anamcheka mbele ya nchi nzima. Yuko mwingine anatibu gari la Mbeya akiwa Dar, kwa kusikiliza mlio kwenye simu. Waganga watupu.

Mimi si wao. Mimi naonyesha kazi ilivyo. Mama wa miaka arobaini na saba, chini ya gari, kazi imefungwa sawasawa. Anayetaka aangalie, asiyetaka apite.

Alhamisi, 19 Juni

Komenti zinamiminika. Mmoja kaandika mwanamke akakaange vitumbua, madereva wakamrukia mpaka kafuta. Nimefurahi kama mtoto. Wateja wawili wapya leo, wote wametoka Nzuguni, wote wameniona kwenye simu.

Bakari hafurahi. Bakari ni mchomeleaji wa banda la pili, amekuwa hapa tangu kabla mji haujajaa wizara. Kasema siku hizi nafunga magari kwa ajili ya watu ambao hawapo. Wivu tu. Geti lake moja linamaliza wiki.

Jumamosi, 21 Juni

Niandike kwa mpangilio.

Asubuhi nilikuwa nafua. Nikapekua mfuko wa ovaroli kama kawaida, nisije nikafua na skrubu. Nikatoa pini.

Ng'aring'ari. Mpya kabisa. Lakini miguu yake imekunjwa mara moja, ikanyooshwa. Alama ya koleo ipo.

Nilisimama na povu mikononi. Wiki hii nimefunga pini moja tu. Ya Kanta.

Halafu ikanijia yote. Nilifunga nati, nikakaza kwa nguvu zangu zote, nikapitisha pini, nikakunja miguu. Rehema akasema bega limeziba, ile sehemu ya kukaza haijaonekana, turudie. Nikanyoosha pini, nikaitoa, nikaitia mfukoni. Nikalegeza nati ili nikaze upya mbele ya simu. Nikakaza polepole, kwa mkono wa picha, si kwa mkono wa kazi. Rehema akasema safi, imetoka. Nikakusudia kuchukua pini nyingine kwenye kopo. Hapo mzee akauliza tunamaliza saa ngapi, mkewe akacheka, mimi nikavuta gurudumu nikalirudisha.

Sikuchukua pini nyingine. Najua sikuchukua.

Nimeitazama video. Pini ipo! Inaonekana ikiingia, inakunjwa, na mimi natamba kwa neno langu. Kwa sababu Rehema kaziunga klipu kwa mpangilio unaopendeza: kwanza kukaza, halafu pini. Siku ile ilikuwa kinyume.

Nimekwenda kwa Rehema mbio, kanga mgongoni. Klipu zote bado anazo, kila moja na saa yake. Pini, saa nane na dakika tano. Kukaza, saa nane na robo. Rehema kashika mdomo.

Nimempigia mzee. Hapatikani. Ana simu ya kitochi, na huko vijijini mtandao unapatikana juu ya kichuguu. Nimepiga tena. Hapatikani.

Naogopa. Sijapata kuogopa hivi tangu mwanangu Eliya alipozaliwa hapumui.

Jumapili, 22 Juni

Hapatikani.

Kanisani nimesimama wakati watu wamekaa. Mwinjilisti kataja wasafiri kwenye maombi.

Nimemweleza mume wangu, Baba Eliya, yote. Yeye ni mwalimu, anapenda jambo lielezwe kuanzia mwanzo. Kasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Likitokea la kutokea, ushahidi unao. Video inaonyesha pini."

Na mimi nikapumua. Niandike hili kwa kuwa hakuna atakayelisoma: nilipumua. Kwa muda mfupi mwili wangu wote ulipata nafuu. Wakipinduka, nitatoa simu. Tazameni, nilifunga. Na trafiki atakubali, na nchi nzima itakubali, na wale madereva watanitetea.

Halafu nikamwona akilini yule mama juu ya gari, na kifuko chake cha mlenda. 

Ningeweza kuondoka jana ile ile. Mabasi ya Kibaigwa yapo mpaka jioni. Nilijiambia mzee lazima amepumzika, gari limesimama, mahindi hayajakauka. Uongo mtupu. Nilikuwa naogopa kumwona usoni.

Kesho naenda.

Jumatatu, 23 Juni

Kibaigwa. Naandika nimekaa kwenye gunia, ukutani mwa ghala moja.

Nimefika saa tatu na begi la spana. Malori yamepangana mpaka barabara ya Dar, na Kanta nyeupe ziko kila upande. Sikuandika namba zake popote. Kwenye daftari nimeandika "Mzee Ndahani, Kanta, tairodi". Kwenye video nilizificha mwenyewe. Sheria yangu nzuri! Nimekwenda gari moja baada ya jingine, nainama nachungulia magurudumu ya watu kama mwizi wa vipuri.

Dereva mmoja kaniita. Nikadhani ananifukuza. Kumbe kanijua. "Wewe si mama wa pini?" Akawaita wenzake. Wakanizunguka, wananipa mkono, mmoja kasema tangu aone video yangu anakagua pini zake kila asubuhi. Bila pini hakuna safari, mama! Wakaimba wote. Nimetabasamu. Sijui ni shetani gani aliyenitabasamisha.

Dalali mmoja mnene anamfahamu mzee. Kasema alishusha mzigo jana jioni, leo alfajiri karudi vijijini kupakia mwingine. Vijiji gani? Kanyoosha mkono upande wote wa kaskazini. Vingi. Atarudi kesho au kesho kutwa. Nikauliza njia ikoje. Kasema kuna kilima kimoja kibaya, ukishuka na mzigo unamtaja Mungu.

Nikauliza kama mkewe alikuwa naye. Kaniangalia kama mjinga. "Lini umemwona bila mkewe?"

Kwa hiyo jana nilipokuwa napumua mbele ya Baba Eliya, wao walikuwa wanashuka kile kilima.

Nimekaa hapa nafikiri. Nikisubiri kesho, huenda asifike. Nikienda, sijui nianzie kijiji gani. Watu wanaoweza kumwona mzee leo ni wale wale wenye simu, walioko huko, wanaoiangalia video yangu na kuisifu.

Ninajua cha kufanya. Naogopa kukifanya. Gereji nimeijenga miaka kumi na minane. Wanaume walinicheka mpaka wakachoka, sasa nitawapa sababu mpya kwa mkono wangu mwenyewe.

Saa tisa.

Nimefanya. Nimeshika simu kwa mkono mmoja, pini kwa mkono wa pili. Nimesema: mimi ndiye Fundi Sesilia wa Kizota. Ile video si kweli. Pini mliyoiona niliitoa ili nirudie picha, na sikuirudisha. Hii hapa. Mzee Ndahani wa Kanta nyeupe yuko njiani na mkewe, anabeba mahindi vijiji vya Kongwa. Aliye karibu naye amsimamishe. Mzee, popote ulipo, simama. Usisogeze gari hata hatua moja. Niko Kibaigwa, nakuja.

Nimetaja na namba yangu. Sauti imekatika mara mbili, pua inatiririka, upepo unavuma kwenye simu. Sikurudia.

Jumanne, 24 Juni

Asubuhi, gesti. Nimefungua simu nikaifunga. Matusi. Muuaji. Mama pini mfukoni. Wale wale walionitetea juzi. Mmoja kasema nimetunga yote ili nipate watazamaji, na ni hilo lililoniuma kuliko muuaji. Nimeacha mlio tu uwe juu, kama namba ngeni itapiga.

Saa mbili, kimya. Saa tatu, Rehema, analia. Saa nne wanahabari wa mtandaoni, nimewakatia.

Saa tano kasoro, namba ngeni. Kijana mwenye duka la kuchajia simu, huko ndani. Jana hakuwa na mtandao, video kaiona leo asubuhi. Kanta imesimama kwenye mashine ya kusaga pale kijijini, imepakiwa mpaka juu, dereva ameshapanda. Nikasema kimbia. Nikasikia anakimbia. Nikasikia pumzi yake, mbwa, mtu anauliza kuna nini, halafu injini. Injini ikaunguruma. Nilipiga magoti chini, pale pale kwenye sakafu ya gesti. Yule kijana anapiga kelele mzee, mzee, mzee. Halafu injini ikazima.

Jioni, nyumbani. Naendelea.

Bodaboda, mwendo wa saa nzima na zaidi, begi la spana mapajani. Nilikiona kile kilima. Nilifumba macho.

Mzee alikuwa amekaa kwenye kivuli cha gari lake. Nusu ya watu wa kijiji walikuwepo. Nikasema shikamoo, akaitikia marahaba, basi. Mkewe alikaa mbali, kwenye gunia, mgongo kwangu.

Hatukuinua gari, kwa mzigo ule jeki yangu ingekufa. Nimelala chini, nikapitisha mkono nyuma ya gurudumu. Nikaigusa nati.

Ilizunguka. Kwa vidole viwili tu. Ilibakiza mizunguko mitatu ya hesi, labda minne, kisha ingeanguka. Nililala pale na vidole vyangu juu ya nati ile na nikashindwa kutoka.

Mzee akainama akachungulia. Nikamwomba aingize mkono, aguse mwenyewe. Akagusa. Akaizungusha kidogo, mbele, nyuma. Akatoa mkono akaufuta kwenye suruali, muda mrefu.

Hakugomba. Ningependa angegomba. Akaniuliza tu, "Mwanangu, siku ile ulikuwa unaangalia gari langu au ulikuwa unaangalia simu?"

Nikasema simu.

Nimekaza kwa mkono wa kazi. Pini mpya, kutoka kwenye kopo, nimeikunja miguu. Kijana wa duka alitoa simu arekodi, nikamwambia niache, tafadhali. Akairudisha. Mkewe Mzee hakugeuka mpaka naondoka.

Alhamisi, 26 Juni

Gereji. Hakuna gari hata moja. Mwenye pikapu ya mkaa kapita barabarani, kaniona, kaangalia mbele.

Rehema anataka tufute video zote mbili. Nimekataa. Nimeandika tu chini ya ile ya kwanza kwamba ni ya uongo na kwa nini. Analia kila akikoroga chungu, anasema yeye ndiye aliyesema bega limeziba. Nimemwambia aliyeshika spana ni mimi. Maharage ya leo yana chumvi ya machozi, nimeyala hivyo hivyo.

Nilimsubiri Bakari aje aseme nilikwambia. Kaja na kigoda, kakaa. Kasema zamani, kabla ya simu hizi, aliwahi kuacha nati za gurudumu zima bila kukaza, kwa sababu tu alikuwa anabishana mpira. Lori lilifika mpaka Chamwino, gurudumu likaondoka peke yake. Hakufa mtu. Hakumwambia mtu. Miaka yote hiyo, mimi ni wa kwanza. Akachukua kigoda akarudi kwenye geti lake.

Nimefikiri mchana kutwa. Kama si simu, ningeifunga ile nati mara moja tu, na pini yake ingekaa. Kama si simu, mzee angekuwa korongoni. Sijui niseme nini juu ya mafundi wanaojirekodi. Wiki iliyopita nilijua kila kitu.

Bado nikisikia breki barabarani naruka.

Jumatatu, 30 Juni

Upepo umepungua. Baridi.

Saa nne Kanta nyeupe imeingia, tupu. Nilikuwa nimeshika kikombe, nikakiweka chini kisidondoke. Mzee Ndahani kashuka. Kataka nifungue magurudumu yote, kila nilichowahi kugusa na ambacho sijagusa, na yeye aangalie.

Nimempa kigoda. Simu ya Rehema ilikaa kwenye mfuko wa aproni yake, na Rehema alikaa kwenye maharage yake. Nimefungua gurudumu moja moja. Mzee anainama, anaweka kidole, anaitikia kwa kichwa kwamba niendelee. Imechukua asubuhi nzima.

Kwenye lile la kushoto kaniomba koleo. Nimeitoa pini, nimekaza nati mbele yake, nimeingiza pini mpya, nikampisha. Kaikunja mwenyewe, mguu mmoja, kisha wa pili. Kaichukulia muda. Kisha kaivuta kwa ukucha, haikutoka.

Wakati anapanda gari nikamuuliza mama hajambo. Nilikuwa nimetafuta namna ya kuuliza tangu saa nne.

Kasema hajambo. Siku hizi anapanda basi.

Nimekunywa chai yangu, ilikuwa imeshapoa. Mlenda wake bado uko jikoni, sijaupika.